Mawenzi Ana Kovu, Tom Hana

Mhubiri, katika sura ya saba, ametukataza swali moja, na sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 tunaliuliza kila tukikutana. Hataki mtu aulize ni kwa nini siku za kale zilikuwa njema kuliko hizi. Anayeuliza hivyo, kwake yeye, amepungukiwa hekima. Mimi nafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza hapa Kirua Vunjo, mlimani Kilimanjaro, sura hiyo naijua, na bado nakosea kama wenzangu. Tukikaa watu wa rika moja, iwe kwenye harusi kule Uchira au matangani huku juu, mbege haizunguki mara mbili kabla mtu hajasema kwamba katuni zilikuwa zile za zamani, hizi za sasa ni makelele tu. Hapo orodha inaanza: Tom and Jerry, Popeye na mchicha wake wa kopo, Pingu yule pengwini wa udongo aliyeongea lugha isiyokuwa ya mtu yeyote. Nimemwona mtu mzima mwenye kitambi, mhasibu, baba wa watoto, akichongoa midomo mbele ya wakwe zake ili aigize honi ya Pingu. Wakwe walicheka. Yeye macho yalimlowa.

Machozi yale yamenikaa kichwani. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, anajisuta katika Maungamo yake kwa sababu alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kwenye shairi la Virgil aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku nafsi yake mwenyewe akiwa haililii. Naona alijionea mno. Mtoto anayemlilia mtu ambaye hayupo anajifunza kulia, na siku ya kulia kweli haikosi kufika. Ila Augustino alimlilia Dido akiwa mtoto. Mhasibu wetu ana miaka arobaini kasoro. Yeye anamlilia nani, na je, ni halali kulia hivyo mbele za Mungu? Swali langu ni hilo tu, na nitalijibu kadiri ya uwezo wa mwalimu wa dini wa kijijini.

Kwanza tuiweke sawa hiyo zamani yenyewe, maana tunaisema kana kwamba ni ya tangu Nuhu. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi yenye vijiji visivyo na maji ya bomba, na mimi niliyechota maji kwenye mfongo, mfereji wetu wa asili, siwezi kusema hoja ile ilikuwa ya kijinga. ITV ilipoanza mwaka huo wa 1994, mwenyewe alikuwa Reginald Mengi, mtoto wa Machame, na huku mlimani watu walijivuna kana kwamba kila mmoja ana hisa. Waliotutangulia walikuwa wamekua na redio. Mpaka leo wanaililia Mama na Mwana ya Radio Tanzania Dar es Salaam na sauti ya Deborah Mwenda. Kila rika lina kilio chake, na kila rika linaamini kilio chake ndicho chenye haki.

Nyumbani kwetu televisheni ilifika mwishoni mwa muongo ule. Baba mdogo, aliyekuwa utingo wa malori ya Dar es Salaam, alishuka nayo kwenye boksi lililofungwa kamba za katani. Ilikuwa ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari. Antena ilifungwa juu ya mwanzi mrefu nyuma ya jiko. Mmoja anazungusha mwanzi, mwingine yuko dirishani akipokea na kupeleka habari, na sisi tuliobaki tumejaa sakafuni tukipiga kelele: rudisha, hapo hapo, umepitiliza! Picha ikitulia, chenga zikipungua, hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Yule wa nje mara nyingi aliambiwa abaki ameshika mwanzi, kwa kuwa akiuachia picha inaondoka. Alisikiliza katuni kwa vicheko vyetu.

Betri ilichajiwa Uchira, kwenye lami. Kuiteremsha si kazi, kuipandisha ndiyo kazi. Binamu zangu wa kiume waliipokezana begani, na siku moja ilivuja. Asidi ikala shati, ikafika kwenye ngozi. Binamu yule ana alama ile hadi leo, ngozi iliyokunjamana juu ya bega la kushoto, na harusini yeye ndiye anayeongoza kusifia enzi zile. Nimemsikiliza mara nyingi. Anasimulia antena, anasimulia chenga, anasimulia jinsi Tom alivyobamizwa na mlango. Betri haitaji.

Bibi yangu alijua Kivunjo, lugha yetu ya nyumbani, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Tom and Jerry hakuhitaji kutafsiriwa. Kwa wote tuliokuwa sebuleni, yeye peke yake alikuwa upande wa paka. Sisi tulimshangilia panya kwa sababu ni mdogo na mjanja. Bibi akatuuliza: mahindi ya darini yanaliwa na nani? Maharage ya mbegu yanatobolewa na nani? Paka yule amewekwa pale kwa kazi, anaifanya, na malipo yake ni kubanwa mkia mlangoni, mwizi anachekewa. Sisi tukamwona Bibi hajaelewa. Nikiifikiria sasa, naona alikuwa ameiangalia filamu ile kama mtu mwenye dari.

Tena aliona jambo ambalo sisi hatukuliona kabisa. Katika filamu za mwanzo anaingia mama mmoja mnene, mweusi, na kamera inamwonyesha miguu tu, soksi na slipa, na ufagio wa kumpigia paka. Uso wake hauonekani. Sisi tulijua akija yeye Tom amekwisha, basi. Bibi akasema kwa Kivunjo kwamba huyo ni mfanyakazi wa ndani kama shangazi yenu aliyeko Dar, na wenye nyumba hawajawahi kumtazama usoni. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba Wamarekani wenyewe walikwishaona aibu juu ya mama yule, na kwamba katika miaka ya 1960 baadhi ya filamu zile zilichorwa upya kwa ajili ya televisheni: mama mweusi akaondolewa, akawekwa mwanamke mwembamba wa kizungu. Paka akabaki, panya akabaki, kichapo kikabaki. Waliona ni rahisi kumfuta mama kuliko kumchorea uso.

Hapa lazima niseme jambo linalowaudhi wenzangu nikilisema. Katuni tunazoziita zetu hazikuwa zetu. William Hanna na Joseph Barbera walimtoa paka yule mwaka 1940, Bibi akiwa msichana. Filamu yao ya kwanza kupata Oscar, kati ya saba walizopata kwa Tom and Jerry, ilitoka 1943, wakati wa vita, na ndani yake paka na panya wanapigana kwa fataki na mayai kama majeshi mawili ndani ya ghala la chini ya nyumba. Katika vita hivyo hivyo Babu alikuwa Keya, askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, akapelekwa Burma. Alirudi na kovu lililotoka gotini hadi karibu na kifundo, na mguu ambao ulitabiri mvua vizuri kuliko redio. Kwa hiyo tulipokuwa tumekaa sakafuni, tukimtazama Tom akilipuliwa na baruti, akibaki mweusi tii kwa sekunde mbili, kisha picha inayofuata manyoya yake yote yamerudi, nyuma yetu kwenye kiti cha mkeka alikaa mtu ambaye baruti ilikwishamgusa kweli.

Mngedhani Babu aliondoka, au alikasirika. Alicheka kuliko sote. Alicheka mpaka akashika mguu wake. Paka akiporomokewa na chungu, Babu hoi. Paka akimeza bomu na tumbo likavimba na kunywea, Babu anajifuta machozi kwa ncha ya koti. Sisi tulicheka kwa sababu hatukujua. Yeye alicheka kwa sababu alijua, na nilichelewa sana kuelewa kwamba hivyo ni vicheko viwili tofauti. Cha kwetu kilikuwa kicheko cha anayedhani mambo yako hivyo. Cha kwake kilikuwa cha mtu anayejua fika kwamba hayako hivyo, na kwa dakika saba mtu amemruhusu aone yangekuwaje.

Filamu moja tu ndiyo ambayo haikumfurahisha, na hiyo nitaieleza kwa urefu kwa sababu ni somo zima la katekisimu. Inaitwa Heavenly Puss, ya mwaka 1949. Piano inamporomokea Tom kwenye ngazi, na safari hii anakufa. Roho yake inapanda ngazi ya dhahabu inayojiendesha yenyewe hadi kwenye kituo cha treni ya mbinguni. Mlangoni yupo paka mzee anayekagua mambo ya kila marehemu. Kaka yangu, aliyekuwa sekondari, alitutafsiria: huyu alipigana na mbwa, yule alipitiwa na mtambo wa kushindilia barabara. Halafu linaingia gunia, limelowa chapachapa. Linafunguka, wanatoka paka wachanga watatu. Mzee wa mlangoni anasema neno la kuwasikitikia, wanapita.

Pale kaka hakutafsiri, wala hakuulizwa. Sebule yote iliyajua magunia ya namna ile na mto yanakokwenda. Paka wetu alikuwa amewahi kuzaa, na watoto wake tuliambiwa wamepelekwa kwa shangazi. Bibi alikuwa anachambua maharage. Aliinamia ungo, akaendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yamekwishachambuliwa.

Zamu ya Tom ikafika, akakataliwa. Amemtesa panya maisha yake yote. Akapewa saa moja, treni haijaondoka, arudi duniani apate sahihi ya Jerry kwenye hati ya msamaha. Asipoipata, kuna mbwa mkubwa anamngoja chini na chungu kinachochemka. Tom anarudi mbio, anamletea panya keki. Babu akauliza kwa sauti: na isale liko wapi? Kwa asiyekuwa wa huku: kwetu mkosaji anayetaka msamaha wa kweli huja na jani la isale mkononi, na aliyeletewa isale hatarajiwi kukataa, hata kama ni damu imemwagika. Keki ni rushwa. Kwa Babu kesi ile ilikuwa imeharibika tangu hapo. Mwishowe panya anatia sahihi, lakini treni imekwenda, Tom anatumbukia kwa mbwa, na anaamka. Ilikuwa ndoto. Kaa la moto limemrukia pale alipolala karibu na jiko. Anamkimbilia panya, anambusu, mwisho.

Sisi tulishukuru. Babu alisonya. Alisema msamaha wa ndotoni haumlipi mtu chochote. Nadhani alikuwa tayari kucheka paka asiyeumia, kwa kuwa uongo ule ni wazi na haumdanganyi mtu. Ila kifo kinachochukuliwa kama kifo, kisha kikarudishwa mfukoni, aliona ni kumchezea. Magunia yale matatu, samahani, watoto wale watatu wa gunia moja, hawakuamka karibu na jiko la mtu yeyote.

Sasa niwaeleze la Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14, akazikwa Butiama tarehe 23. Katikati ya siku hizo betri yetu ilipanda na kushuka kuliko wakati wowote, na sebule ilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye migomba. Mtu aliyeichelewesha televisheni ndiye sasa alikuwa ndani yake mchana kutwa. Sisi watoto tulisubiri katuni na katuni haikuja. Lilikuja jeneza, bendera, foleni ya watu, maaskofu, jeneza tena. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja: anaamka saa ngapi?

Watu walimnyamazisha. Mama mmoja alimfinya. Hakuna aliyemjibu, na mimi nimekuwa nikimjibu kimoyomoyo tangu wakati huo, kwa sababu lile ndilo swali pekee la kweli lililoulizwa sebuleni siku ile. Alikuwa ameliona sanduku lile likimuua paka na kumwamsha siku zote. Hakuwa na sababu ya kudhani kuna sheria mbili.

Kwa hiyo nikirudi kwa mhasibu na machozi yake, nadhani najua anachokililia. Analilia sheria ile ya kwanza. Analilia mahali ambapo piano inaanguka na hakuna anayebaki kilema. Na kwa kuwa katuni zimeondoka, amefanya jambo la ajabu: amezigeuza siku zile zenyewe kuwa katuni. Amezipitishia piano, zikanyanyuka bila alama. Anachosimulia harusini ni mwaka 1999 usiokuwa na bega la binamu yangu.

Maana siku zile zilikuwa na alama, jamani. Mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa ulivunjika 1989, na kwa miaka iliyofuata baba zetu walipeleka magunia chama cha msingi wakarudi wamenyamaza. Wengine waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao. Shule ya msingi ilikuwa na ada, ikafutwa mwanzoni tu mwa miaka ya 2000. Kabla ya hapo mwalimu alisimama mlangoni na orodha, na wasiolipiwa walirudi kihambani, kwenye migomba ya kwao, wakichuma matunda ya njiani. Ukimwi ulikuwa haujapata dawa ya kufika huku, na katika vihamba vingi kuna makaburi ya vijana yaliyopangana, tarehe zake ni za miaka ile ile ya Popeye. Mkisema watoto wa enzi zile walilelewa vizuri, wengi wao walilelewa na bibi zao, na mnajua sababu.

Wana wa Israeli jangwani walifanya hivi hivi. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, kinawaonyesha wakiikumbuka Misri: samaki wa bure, matango, matikiti, vitunguu. Orodha ya mboga imekamilika hadi kitunguu saumu. Matofali hayamo. Wala fimbo za wasimamizi hazimo, wala watoto wa kiume waliotupwa mtoni hawamo. Na Mungu alikasirika. Zamani nilipofundisha sura ile nilisema alikasirikia ulafi. Sasa nasema alikasirikia wale watoto kusahauliwa.

Hata hivyo sitaki kumhukumu mhasibu kwa haraka, na hapa Augustino ananisaidia tena. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anashangaa kwamba mtu anaweza kukumbuka huzuni ya zamani akiwa na furaha, na furaha ya zamani akiwa na huzuni. Anaifananisha kumbukumbu na tumbo: linapokea kitamu na kichungu, lakini likishapokea halionji tena. Ndivyo tulivyo. Uchungu wa betri begani hauumi tena ukikumbukwa, kwa hiyo ni rahisi kudhani haukuwepo. Binamu yangu hasemi uongo. Ameshiba tu.

Betri ilipokata chaji, na ilikuwa ikikata katikati ya picha kila mara, Babu ndiye aliyejaza giza. Hadithi aliyoipenda ilikuwa ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu, na kila Mchagga anayo kwa namna yake. Ya kwetu ilikuwa hivi. Moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu, Kibo akampa kaa na akamwonjesha ndizi. Ndizi zikawa tamu. Njiani Mawenzi akalizima kaa makusudi, akarudi: moto umenizimikia tena. Akapewa kaa, akapewa ndizi. Aliporudi mara ya tatu Kibo akaelewa mchezo, akachukua mchi aliokuwa anatwangia, akampiga nao kichwani, mabegani, mgongoni, mpaka alipochoka.

Ukiitazama hadithi hiyo vizuri, ni katuni. Kuna mwenye njaa mjanja, kuna mwenye nyumba, kuna hila inayorudiwa mara tatu, kuna kichapo kwa chombo cha jikoni. Hanna na Barbera wangeifanya kwa dakika saba. Tofauti ni kwamba Mawenzi hakunyooka picha iliyofuata. Ukiwa Kirua asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, unaviona vilele vyote viwili: Kibo ana mita 5,895, laini juu, na kulia kwake Mawenzi, mita 5,149, amechongokachongoka, amemeguka huku na huku. Wataalamu wa miamba watakueleza habari ya volkano iliyokufa zamani na kumomonyoka, na ni kweli. Babu alieleza kwa mchi. Alipomaliza hakutufundisha neno lolote kuhusu ulafi wala uvivu. Alisema tu: bado hajapona. Kisha akajisugua mguu.

Mdogo wangu angeweza kujibiwa kutokana na hapo, kama mtu angekuwa na moyo wa kumjibu. Kanisa tunamosali, tangu mapadri wa Roho Mtakatifu walipopanda Kilema miaka ya mwanzo ya 1890, linafundisha kwamba ndiyo, anaamka. Imani yetu haimkatalii mtoto yule saa ya kuamka, inamkatalia namna. Katika Injili ya Yohane, sura ya 20, Yesu anawatokea wanafunzi akiwa mzima, mlango umefungwa, na vidonda vyake viko palepale. Anamwambia Tomaso atie kidole. Mungu aliyeweza kulifungua kaburi asingeshindwa kuziba matundu ya misumari. Aliyaacha. Nimelifikiria sana hilo wakati wa kupalilia, na sioni maelezo mengine ila kwamba mwili usio na alama zile ungekuwa wa mtu mwingine. Wasingemtambua. Ndivyo ambavyo mimi nami ningeletewa binamu yangu mwenye bega laini, ningemkaribisha chai na kumuuliza ametoka wapi.

Basi jibu langu kwa mhasibu ni kwamba alie, ni halali. Aigize Pingu hata madhabahuni, kama paroko hayupo. Kukumbuka raha uliyopewa ni shukrani. Lakini asimulie na aliyeshika mwanzi nje. Mhubiri, kwa nionavyo, anakataza kuifanya zamani kipimo cha kuwapigia watoto wa sasa, na hilo tunalifanya sana, tena bila aibu.

Kwa maana watoto hawa wana vyao, na nimevikalia nikavitazama. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC mwaka 2014, imetengenezwa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na kina Kibena na Kiduchu wanapiga hesabu kwa nyimbo. Watengenezaji walewale wakaifuatisha na Akili and Me, ya wadogo zaidi: Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na wazazi wake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anaingia nchi ya ndoto yenye wanyama rafiki zake. Sisi tulikaa chini ya mlima huu tukimwangalia paka wa Marekani. Mtoto wangu anakaa chini ya mlima huu akimwangalia mtoto wa chini ya mlima huu, anayeongea kama yeye, mwenye nywele kama zake na uso unaoonekana. Anayesema za kwetu zilikuwa bora ajieleze. Lawama yangu kwa Akili ni moja: ni mwema mno. Kila kipindi ana la kufundisha, herufi, namba, kunawa mikono. Tom hakutufundisha kitu, na mtoto anahitaji pia dakika saba za kutofundishwa. Babu naye alizihitaji, mtu wa miaka sabini na kitu.

Siku hizi, kipindi cha ufufuko kikifika, naanza na Tom. Nawauliza watoto: paka akilipuliwa, inakuwaje? Wote wanajua, hata wa simu za mama zao wanamjua. Nawatoa nje, nawaonyesha Mawenzi kama mawingu yameturuhusu, nawasimulia mchi. Ndipo nafungua Yohane 20 na kuwauliza ni yupi kati ya hao wawili anayefanana na Yesu mfufuka. Wanabishana. Mwaka jana mvulana mmoja alisema hakuna, kwa sababu Mawenzi hajaamka na Tom hakuumia, na sijapata jibu zuri kuliko hilo kwa mtu mzima yeyote.

Mzazi mmoja alikwenda kunishtaki kwa padri, kwamba mtoto wake anafundishwa katuni badala ya dini. Padri aliniita, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia niendelee ila nipunguze habari za paka. Naendelea.